Wasifu wa Gamaliel Ishengoma, Aliyewakalisha Wanaume Mtumbwini

Hapana, Bartholomayo, simfuti. Weka panga hiyo chini ya mkeka ukae juu yake, na ikikukata makalio, ndiyo kazi yake ya leo. Wewe ni mdogo wa marehemu, mimi ni mama yenu, niliwazaa wote wawili kwa uchungu uleule. Wasifu huu nimeambiwa niusome mimi. Umewaendea wachapaji kule Bukoba ukawaambia jina la Bundala waliruke, wakaliruka. Mimi sikusoma shule, kwa hiyo walichokichapa hakinifungi mdomo.

Unasema Bundala alimpiga kaka yako kwa kafi kule kisiwani. Kweli, alimpiga. Unasema akikanyaga kibanja hiki leo, makaburi yatakuwa mawili. Tumekusikia tangu jana, hata ng'ombe wamekusikia, mmoja amekataa kutoa maziwa. Lakini tazama pale kwenye nyasi, karibu na Penina mjane. Yule aliyetanguliwa na tumbo lake ni Kokubanza, mtoto wa kwanza wa marehemu. Tumbo lile ni la Bundala, na linaweza kufunguka kabla hatujala matoke ya msiba. Ukimkata baba yake, nani atakaa mlangoni mtoto akizaliwa? Wewe? Wewe ambaye mkeo alipojifungua ulihamia vilabuni Rwamishenye mpaka kitovu cha mtoto kikadondoka?

Basi kaa. Mchungaji, endelea kunitazama hivyo hivyo, nitasoma vizuri.

Marehemu Gamaliel Ishengoma alizaliwa tarehe 12 Novemba 1952, Hamugembe, Bukoba. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Ishengoma na wa mimi ninayesema. Ulikuwa msimu wa senene, na mwaka ule senene walianguka wengi mpaka kuku wakawachoka wakarudi kwenye mahindi. Mtoto alitoka amekunja ngumi. Mkunga alipomkunjua vidole alikuta senene kiganjani, mzima, anarusha miguu. Mnacheka. Mkunga yule alishakufa, mwenye shaka amfuate akamuulize. Alibatizwa tarehe 4 Januari 1953 katika Kanisa la Kilutheri, na maji yalipomgusa alimpiga mchungaji teke la pua. Tangu siku hiyo nilijua kwamba nimezaa mtu ambaye hatapelekwa mahali asipotaka, na ambaye atawapeleka wengine wasikotaka.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Hamugembe kuanzia mwaka 1961 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1967. Mwandiko wake ulisifiwa, ngumi zake zilisifiwa zaidi. Siku moja mwalimu alikuwa anamchapa mtoto mdogo wa darasa la pili aliyejikojolea. Marehemu aliinuka, akaikamata fimbo ya mwalimu kwa meno, akaikata vipande viwili, kisha akarudi kukaa na kuendelea na hesabu zake. Alichapwa na fimbo nyingine, hakulia. Kumbukeni meno hayo, tutayarudia.

Tangu mwaka 1968 hadi 1974 marehemu alikuwa kuli katika bandari ya Bukoba, akipakia magunia ya kahawa kwenye meli. Gunia moja lilibebwa na watu wawili, yeye alibeba mawili peke yake na karani amekaa juu akiendelea kuandika. Mwaka 1975 alikuja hapa Ngenge, Muleba, akafyeka pori na kupanda migomba hii inayotupa kivuli. Mwaka huohuo alikata mti wa muhumula, akachonga mtumbwi wa kukamulia ndizi. Wageni mliotoka mbali, mtumbwi huu haujawahi kuona ziwa. Ndizi mbivu hutiwa humo pamoja na nyasi, wanaume wananawa miguu, wanaingia na kukanyaga mpaka maji matamu yatoke, na hayo ndiyo yanakuwa pombe yetu ya lubisi. Ndio ule pale kando ya jeneza. Wanaume wa kliniki wameubeba kwa mabega tangu zahanati, kwa sababu marehemu aliagiza uwepo.

Alifunga ndoa na Penina tarehe 17 Desemba 1977. Nilimpa bibi harusi kahawa ya kutafuna, nikamwambia, "Mwanangu ana mkono mwepesi, na mimi nina mchi mzito. Ukizidiwa, piga kelele." Akacheka. Penina alikuwa na kicheko cha kuangusha sufuria.

Oktoba 1978 askari wa Amin waliingia ng'ambo ya Mto Kagera. Watu wakashuka huku kwetu wamebeba magodoro kichwani na vilema mgongoni. Bukoba ilipigwa mabomu kutoka angani, na mwenzangu mmoja wa Hamugembe alikimbia amekumbatia jiwe la kusagia akidhani ni mtoto. Marehemu alijiandikisha mgambo. Aliondoka tarehe 2 Desemba 1978, Penina akiwa na mimba changa anatapika. Alivuka Kyaka, akafika Masaka, akaenda mbele zaidi. Aliyoyaona huko hakuyasimulia akiwa macho. Usingizini aliyasimulia kwa kupiga ukuta ngumi, na ukuta wa chumba chake una mashimo mpaka leo, panya wamepata nyumba.

Kokubanza alizaliwa tarehe 18 Julai 1979, baba akiwa bado hajarudi. Alirudi tarehe 11 Agosti. Ngenge nzima ilijipanga njiani kuwapokea mashujaa. Kwa desturi yetu mke humsalimu mumewe kwa kupiga magoti, na siku ile wake walipiga magoti kwenye vumbi, wakilia na kucheka. Penina alikuwa amekaa kizingitini. Mtoto analia kwenye mkeka, yeye anatazama migomba. Hakupiga magoti. Hakusema hata karibu.

"Penina," marehemu akaita. "Penina, ni mimi."

Penina bado anatazama migomba. Watu wanatazama. Ndipo mtu mmoja akasema kwa sauti, "Huyu ana bwana mwingine, kaka. Mwanamke hawezi kumnyamazia mumewe bure."

Mtu huyo ulikuwa wewe, Bartholomayo. Usitazame chini, hakuna senene hapo.

Marehemu akavua mkanda wa jeshi. Alimpiga mkewe mbele ya watu waliokuja kumshangilia, na chuma cha mkanda kikamchana shavu. Mnaliona kovu lile. Penina hakulia wala hakujikinga, na hilo lilimtia mumewe wazimu zaidi. Nilimshika mkono. Aliniambia, "Mama, ananidharau. Nimeua watu ili yeye alale salama, na ananidharau." Hakuna aliyemwambia vingine. Hakuna aliyejua vingine. Mzazi hufungiwa na wanawake, mume hukaa nje na kuulizia tu kama amekula, na akiuliza zaidi huchekwa.

Wiki iliyofuata, tarehe 18 Agosti, tulikamua ndizi ili kusherehekea kurudi kwake. Mtumbwi ulijaa ndizi mbivu, nyasi zikawekwa juu. Wanaume walikuwa wanaimba. Marehemu ndiye mwenye sherehe, kwa hiyo ndiye wa kwanza kukanyaga. Alinawa miguu, akakunja suruali, akainua mguu wa kulia.

Chini ya nyasi kitu kikapiga chafya.

Nawaambieni, chafya ile ilisikika Bukoba, meli bandarini ikajibu kwa honi. Mguu ukabaki hewani. Marehemu akashika nyasi kwa mikono miwili akazitupa. Kokubanza alikuwa amelazwa juu ya ndizi, uso umejaa utamu, nyuki wawili wametua kwenye kope zake. Kama asingepiga chafya, baba yake angempasua kifua kwa kisigino huku watu wanaimba.

Marehemu alimweka mtoto mikononi mwangu, akachukua shoka lililokuwa ukutani, akaelekea ndani. Nilimpa mtoto jirani, nikapita mlango wa nyuma, nikawahi kusimama chumbani na mchi wangu wa kutwangia. Penina alikuwa amekaa kitandani na kamba ya mbuzi amejizungushia kiunoni, anaikunja na kuikunjua, anatazama boriti.

"Mama, toka," alisema mwanangu.

"Njoo unitoe."

Akaja. Nikampiga mchi wa mdomo. Picha iliyo mbele ya karatasi zenu, mnaona hana meno mawili ya juu? Yale meno yaliyokata fimbo ya mwalimu. Yaling'oka hapo. Alikaa chini, akayatema kiganjani, akayatazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Ndipo Penina aliposema, mara ya kwanza tangu mumewe arudi. Alisema polepole, kama anayesoma maneno ya mtu mwingine. "Alikuwa analia. Kila nikimshika analia. Nikaona kule mtumbwini kuna ubaridi, na kuna utamu, atanyamaza. Halafu na mimi ninyamaze."

Shoka likaanguka lenyewe.

Tulimpeleka Penina kwa baiskeli mpaka zahanati, marehemu anasukuma huku damu inamchuruzika kidevuni, mimi nyuma na mtoto. Nesi Immakulata, aliyekaa pale mbele na miwani yake, alikuwa msichana wakati huo. Alimlaza Penina, akakaa naye muda mrefu mlango umefungwa. Alipotoka, marehemu alimrukia.

"Ana pepo?"

"Hana pepo."

"Basi ana bwana."

"Hana bwana. Ana ugonjwa. Wanawake wengine wakijifungua unawapata, unawazima kama taa. Hakukunyamazia wewe, baba. Amejinyamazia hata yeye mwenyewe. Na ulipompiga ulipiga mgonjwa."

Marehemu alishika ukuta. "Kwa nini hamkuniambia kabla?"

"Wewe ulikuja lini kliniki?"

"Wanaume hawaji kliniki."

"Haya," Nesi akasema. "Umejijibu."

Tangu siku hiyo marehemu alilala kizingitini mwa chumba cha mkewe kama mbwa mzee. Mtoto akilia usiku aliamka yeye. Alijifunza kupika uji, wa kwanza tuliwapa nguruwe wa jirani, wakatushitaki. Kamba zote za nyumbani alizichukua akazificha, mbuzi wakala maharage ya kijiji kizima. Penina alipona kidogo kidogo. Mwaka uliofuata kahawa ilipoiva, siku moja jikoni sufuria ikaanguka. Tulikimbia tukidhani ni msiba. Alikuwa anacheka.

Mtumbwi ule marehemu alitaka kuupasua uwe kuni. Nesi Immakulata akamzuia. "Usiupasue. Niletee. Kliniki ina mabenchi ya akina mama tu, nikipata mwanaume wa kumfundisha sina pa kumkalisha." Marehemu akaubeba, akaulaza kando ya ukuta wa zahanati. Penina alipopata mimba ya pili, mwaka 1982, marehemu alikwenda naye kila Jumanne na kukaa mtumbwini peke yake, magoti yamemfika masikioni, wajawazito wote wanamcheka. Alikaa. Buberwa alizaliwa tarehe 5 Novemba mwaka huo. Haikupita wiki, shingo ya Penina ikaanza tena kugeukia migombani.

Safari hii alijua anachokitazama. Hakuvua mkanda. Alimfunga Buberwa mgongoni kwa kanga, kama tunavyobeba sisi, akamwacha Penina alale, akamwambia, "Nakuona ulipo. Nipo." Alitembea na mtoto mgongoni kijiji chote, na panga mkononi, kwa ajili ya atakayecheka. Hakuna aliyecheka. Nesi akaja, dawa zikaja, mashangazi wakaja kwa zamu. Ugonjwa ule ambao kwanza ulikula mwaka mzima, mara hii haukumaliza miezi mitatu.

Hapo ndipo marehemu alipoanza vita yake ya pili, na wengi wenu humu mlijeruhiwa.

Ilikuwa miaka ya Juliana, ndivyo tulivyouita UKIMWI ulipotujia pamoja na mashati ya magendo yenye jina hilo. Tulikuwa tunazika asubuhi na kuzika jioni, majembe hayakupata muda wa kukauka. Mwanaume aliyeonekana zahanati alisemwa kuwa anao. Mtumbwi wa marehemu wakauita mtumbwi wa Juliana, wakasema kila anayekaa humo anavushwa moja kwa moja. Basi mkawa mnakimbia. Marehemu aliwafuata kwa fimbo. Kila mwenye mke mjamzito alijua kwamba Jumanne atatembelewa. Alimwaga pombe za watu. Alibeba baiskeli za watu akazitundika kwenye miparachichi. Byarugaba, ndugu yangu, simama wakuone. Huyu alijificha kwenye shimo la kuivishia ndizi. Marehemu alimvuta miguu akamtoa, akamfunga kwa kamba ileile ya mbuzi, akamkokota mpaka zahanati akiwa anatukana kwa Kihaya na Kiswahili, na njiani alipomaliza matusi akaanza Kiganda.

Nesi Immakulata alimkemea. "Gamaliel, huwezi kumfundisha mtu upole kwa kumvunja mbavu."

Akajibu, "Simfundishi upole, Nesi. Mimi namfikisha tu. Upole mfundishe wewe."

Lakini alifundisha pia. Akishawakalisha mtumbwini, aliwaonyesha pengo la meno, akasema, "Sikilizeni. Mkeo akijifungua, ukaona halali hata mtoto akilala. Chakula kinapoa mbele yake. Anamtazama mtoto kama mzigo wa jirani. Anakwambia mngekuwa salama bila yeye. Usitafute bwana, usitafute mchawi, usivue mkanda. Beba mtoto. Mwache mama alale. Usimwache peke yake, na kamba ficha. Kisha njooni hapa mbio. Mnaambiwa leo, tumbo likiwa bado tumbo, kwa sababu siku ile ikifika hutakuwa na akili ya kujifunza. Mimi nilijifunza nikiwa nimeshainua mguu."

Mwaka 1986 Karugendo alikataa. Alimtolea marehemu mkuki, akamwambia kliniki ni mambo ya wanawake na wagonjwa. Mkewe alijifungua, akanyamaza, akaitwa mvivu, akapigwa, na asubuhi moja akaenda mtoni na ndoo, ikarudi ndoo. Siku ya maziko marehemu alimrukia Karugendo pembeni ya kaburi. Waliangukia humo wote wawili, juu ya jeneza, wanaumana, tukawatoa kwa kamba kama ndama. Nilisema sasa hawa watauana. Jumanne iliyofuata Karugendo alikuja zahanati mwenyewe. Hana mke, hana mimba ya kungojea. Akaingia mtumbwini, akakaa. Marehemu akamsogelea, akakaa karibu naye. Tangu siku hiyo walikwenda pamoja kukamata watu.

Na Byarugaba, kwa kuwa bado umesimama, waambie. Huwezi? Basi nasema mimi. Mwaka 1988 mke wa Byarugaba alijifungua, siku ya nne akaomba aachwe peke yake akaoge. Huyu mwoga wa mashimo akakumbuka. Akakataa kutoka. Akaikuta sumu ya mende ndani ya kikombe chini ya kitanda. Mke wake ndiye yule pale anayegawa kahawa, na yule mvulana wa miaka kumi anayejinyoosha amfikie baba yake ndiye aliyezaliwa. Kaa, ndugu yangu, pangusa uso.

Marehemu alianza kukohoa mwishoni mwa mwaka 1996, na kabla ya Pasaka ya 1997 alikuwa anatema damu. Hospitali walisema kifua kikuu. Wako wanaonong'ona kwamba ilikuwa Juliana. Msinong'one, mtapata vidonda vya midomo. Kilikuwa kifua, na hata angekuwa na Juliana ningesimama hapahapa nikasema vilevile kwamba ni mwanangu.

Mwaka huo wa 1997 Kokubanza aliolewa na Bundala mwana wa Shilogile, Msukuma, mvuvi wa sangara kisiwani Bumbire. Alipopata mimba, marehemu alituma ujumbe mara tatu kwamba mume aje mtumbwini. Bundala akajibu kwamba yeye ana mitumbwi ya kweli. Machi mwaka huu Kokubanza alirudi nyumbani jicho limevimba kwa ngumi ya mumewe. Baba alikuwa kitandani. Aliinuka, akavaa koti la vita, akapanda gari mpaka mwaloni penye mitumbwi ya wavuvi, akavuka ziwa akikohoa. Alimkuta mkwe wake kati ya wavuvi wenzake wanatengeneza nyavu.

"Bundala," akasema, "nimekuja kukuchukua."

"Baba, rudi kitandani. Wewe ni mgonjwa."

"Na wewe ni mgonjwa, ila ugonjwa wako haujaanza kutoa damu."

Wavuvi wakacheka. Marehemu akamshika mkwe wake sikio, mbele ya watu wote, akaanza kumvuta kuelekea majini. Bundala akachukua kafi, akampiga begani. Mfupa wa mtulinga ukavunjika, wote wakausikia. Wanasema Bundala mwenyewe ndiye aliyelia. Bartholomayo, hapo ndipo unaposema kaka yako aliuawa. Mimi nilimwosha mwanangu. Bega lilikuwa limeanza kuunga, mapafu ndiyo yaliyokwisha. Na nilikuwepo aliporudi. Alikuja mkono umefungwa kwa shuka, amekaa kwenye baiskeli ya mtu, anacheka na pengo lake. Alisema, "Mama, kijana yule ana mkono. Mkono kama ule ukibeba mtoto, mtoto hadondoki. Unangoja kufundishwa tu."

Kisha akamwita Bartholomayo. Uliitwa, usikatae, mimi ndiye niliyekufungulia mlango. Akakwambia, "Asiguswe. Kwangu mimi mkono ule ulikuwa mkanda wa jeshi. Angenikuta mtu siku ile akanikata kichwa, Kokubanza angelelewa na nani?" Wewe ukatoka, ukaenda kununua tupa ya kunolea.

Marehemu alifariki dunia tarehe 9 Juni 1998, Jumanne, asubuhi, wakati wanaume wake wanaelekea kliniki. Neno lake la mwisho la kueleweka aliniambia mimi. "Msinifukie mpaka mmtaje. Akija, mkalisheni." Kwa hiyo Jumanne ileile Karugendo aliondoka kwenda Bumbire, na leo ni Alhamisi, na hajarudi. Labda ziwa limechafuka. Labda Bundala ameogopa, na ukimtazama Bartholomayo huwezi kumlaumu. Lakini Kokubanza hajala tangu jana, anatazama migomba ile, na mimi shingo hiyo naijua. Nilishaiona ikigeuka hivyo.

Namalizia. Mchungaji, funga kitabu chako taratibu, nakaribia.

Marehemu ameacha mama mzazi, ndiye mimi, ambaye sikupaswa kusoma wasifu huu, yeye ndiye aliyepaswa kusoma wangu na kunisingizia mema. Ameacha mjane, Penina. Ameacha watoto watatu, Kokubanza, Buberwa na Rozi. Ameacha mdogo mmoja, Bartholomayo, aliyekalia panga. Ameacha mtumbwi, na wanaume waliowahi kukaa humo, ambao hawakuwahi kuhesabiwa kwa sababu wengi walikuwa wanatoroka. Ameacha mjukuu aliye tumboni. Na ameacha mkwe, Bundala mwana wa Shilogile, mvuvi wa Bumbire, ambaye...

Mbwa wanamkoromea nani? Nani hao migombani?

Karugendo. Ni wewe? Na huyo nyuma yako, mwenye matope mpaka magotini, aliyeshika kofia mkononi kama...

Bartholomayo!

Hapana. Msimshike, mwacheni. Anajua nilivyo na mchi. Mwanangu, umeshasimama, basi usisimame bure. Panga iache hapo chini ya mkeka. Kamletee mkwe wako maji anawe miguu, mtumbwi ule hauingiwi na miguu michafu. Nenda. Mtungi uko mlangoni.

Kokubanza, usiinuke, anakuja mwenyewe.

Byarugaba, sogea humo mtumbwini umpe nafasi.

Gamaliel, mwanangu, lala. Amefika.